VLC Ikikataa Kusasishwa: Tafuta Kituo Ilipokwama Kabla ya Kuifuta

Jioni moja mama mmoja wa Ujiji alinipigia simu. Nilipomwamkia akajibu, "Marahaba mwanangu. Njoo basi, ile koni imekataa, na wageni wa Kasulu wameshakaa."

Koni ni VLC, programu ya kuchezea video na muziki yenye alama ya koni ya barabarani. Kompyuta ya mama ni ya mezani, ya mtumba, imejaa mikanda ya harusi za wanawe, na wageni walikuja kuangalia harusi ya mwisho. Nilikuta kwenye kioo ujumbe wa "entry point" unaolalamikia faili liitwalo libvlccore.dll. Nikamuuliza amebonyeza nini. "Kilikuja kidirisha cha kuapdeti nikakubali. Kikaja kingine kina vitufe vitatu, nikabonyeza cha mwisho. Kikarudi. Nikabonyeza tena. Mpaka kikachoka chenyewe."

Hicho cha mwisho kimeandikwa "Ignore", yaani puuza. Tutakirudia mbele, maana ndicho kilichogeuza tatizo la dakika 2 kuwa kazi ya saa nzima.

Wengi wetu, hata mimi zamani, programu ikigoma tunaifuta na kuipakua upya. Mara nyingine inakubali. Mara nyingi bando linaungua na ugonjwa unabaki, kwa sababu hukujua ulipo. Kusasisha ni safari ya vituo vinne: setapu (faili la kuwekea programu) inashuka kutoka intaneti, setapu inafunguka, setapu inaandika mafaili mapya juu ya yale ya zamani, kisha programu mpya inawaka. Treni ya kutoka Tabora ikikwama Uvinza, hakuna anayekwenda kuitafuta Kaliua. Kwa hiyo swali la kwanza ni moja tu: imekwama wapi?

Maelezo haya ni ya Windows. Majina ya vitufe nimeyaacha yanavyoonekana kwenye kioo ili usipotee.

Kabla hujagusa kitu

Piga picha ya ujumbe wa kosa kwa simu yako. Usitegemee kichwa, mtu akikusimulia kosa alilolisoma jana hukuambia "iliandika error" na basi. Maneno kamili, hasa jina la faili lililotajwa, ndiyo yanayokuelekeza kituo.

Kisha jaribu kuifungua VLC. Ikifunguka, nenda "Help", halafu "About", usome namba ya toleo. Ikiwa bado ni toleo la zamani na inacheza vizuri, ujue haijaharibika, haijasasishwa tu. Wageni waangalie harusi kwanza, ufundi utafanyika wakiondoka.

Ondoa pia hofu ambayo mama alikuwa nayo: video zako hazikai ndani ya VLC. Ziko kwenye mafolda yako, na kuifuta VLC hakufuti mkanda hata mmoja. Kinachoweza kupotea ni mipangilio na orodha ya nyimbo uliyoipanga. Kama orodha hiyo unaipenda na programu bado inafunguka, bonyeza Ctrl pamoja na Y, uihifadhi kama faili kwenye folda yako.

Na umeme. Sisi wa Kigoma tuliolelewa na majenereta tunajua taa inavyoweza kuzimika bila kuaga. Kama ni laptopu, hakikisha betri ina chaji. Kama ni ya mezani isiyo na UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, chagua saa ambayo umeme wa mtaani kwenu huwa umetulia. Umeme ukikatika katikati ya kuandika mafaili, unabaki na programu nusu mpya nusu kuukuu.

Setapu haishuki

Ukibonyeza "Check for Updates" na hakuna kinachotokea, au inafika mahali inaganda, angalia kwanza saa na tarehe kwenye pembe ya kioo. Usicheke. Kompyuta nyingi za mtumba zimeshafiwa na betri ndogo ya kwenye bodi, ile bapa ya mviringo kama sarafu, namba yake CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuitunza saa wakati umeme haupo. Ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta inarudi miaka mingi nyuma. Sasa tovuti salama huwa na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko mwaka 2009 inakiona cheti hicho kama hakijaanza kazi, inakataa kuongea na tovuti, na wewe unaulaumu mtandao. Weka tarehe sahihi, ujaribu tena. Kisha ununue betri mpya, uibadilishe kompyuta ikiwa imezimwa na waya wa umeme umechomolewa ukutani.

Kama tarehe iko sawa, angalia namba ya toleo ulilonalo. Matoleo ya 3.0.12 na 3.0.13 ya Windows yalitoka na kasoro katika sehemu ile ile ya kujisasisha: setapu inashuka, inakaguliwa, halafu haifunguliwi. VideoLAN, shirika lisilo la faida la Ufaransa linaloitengeneza VLC, lilitoa toleo la 3.0.14 mwaka 2021 kuitibu kasoro hiyo. Ila dawa haikuweza kupita kwenye mlango ulioharibika, mwenye 3.0.12 au 3.0.13 anaweza kubonyeza "Check for Updates" mpaka kesho. Huyo apakue toleo jipya kwa mkono. Au, kabla hajaunguza bando, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike %TEMP%, abonyeze Enter, atafute faili linaloanza na vlc na kuishia na exe. Huenda setapu ilishashuka zamani na imekaa humo inasubiri mtu wa kuibofya.

Ukipakua kwa mkono, andika mwenyewe anwani videolan.org kwenye kivinjari. Usiandike "VLC" kwenye utafutaji na kubofya cha kwanza, kwa sababu juu kabisa hukaa matangazo, na nimewahi kusafisha kompyuta iliyopata "VLC" ya namna hiyo: ilikuja na vivinjari viwili visivyojulikana na matangazo ya kamari. VLC halisi ni ya bure tangu ilipoanza kutolewa kwa umma mwaka 2001. Anayekudai hela ya kuisasisha anakuuzia maji ya Tanganyika ukiwa umekaa ufukweni.

Setapu ina MB 40 na ushee. Kama intaneti ya kompyuta inasuasua, ipakue kwa simu usiku, halafu uihamishe kwa waya wa USB. Tovuti ikigundua unatumia simu itakupa ile ya Android. Tafuta sehemu ya Windows uchague hiyo. Unaweza pia kuichukua kwa jirani kwenye flashi, ila ipime flashi kwanza kwa kinga ya virusi. Wale virusi wanaogeuza mafolda yote kuwa shotikati bado wanatembea.

Imeshuka lakini haifunguki

Ukibofya setapu na kukutana na kidirisha chenye maneno "NSIS Error" na malalamiko kuhusu uzima wa faili, basi setapu imeshuka pungufu au imeharibika njiani. Hiyo haina matibabu. Ifute, upakue nyingine.

Unataka uhakika kwamba uliyonayo ni nzima na ni yenyewe? Ukurasa wa kupakulia wa VideoLAN huonyesha alama za ukaguzi za SHA-256, herufi na tarakimu 64. Bonyeza Windows na R, andika cmd, kisha kwenye dirisha jeusi andika:

cd Downloads

certutil -hashfile vlc-3.0.21-win64.exe SHA256

Weka jina la faili lako mahali pa hilo langu. Kompyuta itakutolea alama 64, nawe ulinganishe na za kwenye ukurasa. Zikitofautiana hata kwa moja, usiifungue. Kwa mama wa Ujiji nilimkalisha mjukuu wake wa darasa la nne anisomee kwa sauti huku mimi nikifuata kwa kidole, na akanikamata nimeruka mstari. Anayeona kazi hiyo ni ndefu, abofye faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, achague "Properties", afungue "Digital Signatures", aone kama mtia sahihi ni VideoLAN.

Kama Windows inasema programu hii haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yako, karibu kila mara umepakua ya biti 64 kwa Windows ya biti 32. Kompyuta za zamani zenye RAM ya GB 2 mara nyingi zimewekewa biti 32. Fungua "Settings", "System", kisha "About", usome "System type". Kwenye Windows 7 bofya "Computer" kwa kitufe cha kulia, halafu "Properties". Jina la setapu linajieleza lenyewe: win32 ni ya biti 32, win64 ni ya biti 64.

Ikiwa inakuomba nywila ambayo huijui, unatumia akaunti isiyo ya msimamizi. Mwite mwenye kompyuta. Hapo hakuna ujanja, na wala usiutafute.

Imefunguka, ikakwama katikati

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na ndipo mama alipoangukia.

Ujumbe wenyewe huanza na "Error opening file for writing", chini yake njia ndefu inayoishia na jina kama libvlc.dll, kisha vitufe vitatu: "Abort", "Retry" na "Ignore". Maana yake ni kwamba setapu inataka kuandika faili jipya juu ya la zamani, lakini la zamani limeshikwa na mtu. Huwezi kubadilisha godoro ambalo mtu amelilalia. Na aliyelala, mara nyingi, ni VLC yenyewe. Ulifunga dirisha, lakini programu ikabaki ikihema chinichini bila kuonekana.

Kwa hiyo acha kile kidirisha kama kilivyo, usibonyeze chochote. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye "Task Manager" inayofunguka nenda sehemu ya "Details" (kwenye Windows 7 ni "Processes"), utafute vlc.exe. Kila unayoiona, ibofye, kisha "End task" au "End Process". Zinaweza kuwa mbili au tatu. Funga na vivinjari pia, kwa sababu vile vya zamani vilikuwa na kiungo cha VLC ndani yake. Sasa rudi kwenye kidirisha ubonyeze "Retry". Kazi itaendelea kana kwamba hakukuwa na neno.

Dakika 2, basi.

Ukibonyeza "Ignore", setapu inaliruka faili hilo na kwenda linalofuata. Likishikwa nalo, inakuuliza tena, unaruka tena. Mwisho inakuambia imemaliza, na haikudanganyi. Imemaliza kuandika ilichoweza. Lakini VLC si faili moja. Kuna vlc.exe, kuna libvlc.dll, kuna libvlccore.dll ambalo ndilo moyo, na kuna folda ya plugins yenye mamia ya mafaili madogo, kila moja na kazi yake: hili la MP3, hili la DVD, hili la maandishi ya chini ya picha. Yote yanatakiwa yawe ya toleo moja. Plugini mpya ikiuita moyo wa zamani kwa jina ambalo moyo huo haulijui, Windows inakutolea ule ujumbe wa "entry point" niliousoma kwa mama, au programu inawaka na kuzima kama kiberiti chenye unyevu.

Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, matokeo ni hayo hayo. Diski ya C ikijaa, vivyo hivyo. VLC ikishawekwa inataka karibu MB 200, na setapu inahitaji pa kupumulia. Angalia nafasi kabla ya kulaumu kitu kingine. Kwa mama ilibaki MB 90 tu, kwa hiyo hata kama asingebonyeza "Ignore" tungekwama mbele kidogo. Tulihamisha mikanda miwili ya harusi kwenda diski ya D, tukapata pa kusimama.

Kama bado unakataliwa ingawa hakuna vlc.exe popote na nafasi ipo, washa upya kompyuta, na kabla hujafungua kitu kingine bofya setapu kwa kitufe cha kulia, uchague "Run as administrator".

Kusafisha na kuweka upya

Hapa sasa ndipo kufuta kunapokuwa na maana: ukishajua mafaili yamechanganyika. Usiweke toleo jipya juu ya mchanganyiko huo ukitegemea litajipanga.

Uwe na setapu nzima mkononi kwanza, tayari imeshuka na kukaguliwa. Nimewahi kufuta kwanza, halafu mtandao ukapotea siku nzima. Mwenye kompyuta hakunisema, alinitazama tu.

Zima kila vlc.exe kama tulivyofanya juu. Bonyeza Windows na R, andika appwiz.cpl, tafuta "VLC media player", uiondoe. Ikikataa kuondoka, nenda C, "Program Files", "VideoLAN", "VLC", ubofye uninstall.exe iliyomo humo. Hata hiyo ikikataa, usihangaike nayo. Washa upya kompyuta kisha ufute folda nzima ya VLC kwa mkono. Angalia na folda ya pili ya "Program Files", ile yenye x86 mwishoni, kwa sababu VLC ya biti 32 kwenye Windows ya biti 64 hukaa huko. Ukikuta mbili, moja huku na moja kule, umepata na jibu la lile fumbo la "nimesasisha lakini bado ni toleo la zamani": alama iliyo kwenye kioo inafungua ile ya zamani kila siku. Ondoa zote mbili.

Imebaki mipangilio. Windows na R tena, andika %APPDATA%, Enter. Utaona folda ya vlc. Usiifute moja kwa moja, ibadilishe jina iwe vlc-zamani. Ndani yake kuna faili liitwalo vlcrc linalobeba mipangilio yako yote, na mipangilio ya toleo la miaka mingi nyuma inaweza kulichanganya toleo jipya. Ukija kukuta kuna kitu ulikihitaji, bado kipo.

Washa upya kompyuta. Wengi wanairuka hatua hii, lakini hapo ndipo faili lolote lililobaki limeshikwa linapoachiwa. Ndipo uendeshe setapu kama msimamizi, uende "Next" mpaka mwisho. Ikiwa kinga yako ya virusi inaingilia, usiizime ovyo. Soma kwanza inalalamikia nini, na kama alama 64 zilishalingana unaweza kuiruhusu setapu hiyo moja.

Imewaka, lakini

Sauti inasikika, picha nyeusi. Hii husumbua sana kompyuta zenye kadi ya picha ya zamani. Bonyeza Ctrl na P, fungua "Input / Codecs", kwenye "Hardware-accelerated decoding" chagua "Disable", hifadhi, funga VLC na uifungue tena. Ikishindikana, rudi hapo uende "Video", kwenye "Output" ubadilishe kutoka "Automatic" kwenda Direct3D9 au OpenGL, ukijaribu moja moja.

Picha inakatakata: hapa usikimbilie kuilaumu VLC. Angalia video yenyewe. Wapiga picha wa harusi wa siku hizi wengine wanatoa mikanda ya H.265, namna mpya ya kubana video, ambayo ni midogo kwa ukubwa lakini inahitaji prosesa yenye nguvu kuifungua. Prosesa ya mama, Core 2 Duo ya zamani, inacheza harusi ya kwanza kama maji, ya mwisho inahema. Hilo hakuna toleo litakaloliponya. Mwombe mpiga picha akutolee nakala ya H.264, ile namna ya zamani iliyo nyepesi kufungua.

Ikiwa inachelewa kuwaka au inalalamika kuhusu plugini, bonyeza Ctrl na M uone ujumbe wake. Ukiona maneno "stale plugins cache", kumbukumbu ya plugini ni ya zamani. Kwenye menyu ya Start, ndani ya folda ya VideoLAN, kuna njia ya mkato ya kurudisha mipangilio na kusafisha kumbukumbu hiyo. Ibofye, kubali, fungua VLC upya.

La mwisho, ambalo ndilo lililotuchelewesha pale Ujiji wakati kila kitu kilikuwa kimeshapona: ukiondoa VLC, Windows inazikabidhi video zako kwa programu nyingine. Mama alibofya mkanda, ikafunguka programu ya Windows, isiyo na koni, akasema bado mbovu. Bofya video yoyote kwa kitufe cha kulia, "Open with", kisha "Choose another app", chagua VLC, weka alama kwenye kisanduku cha kuitumia daima. Rudia kwa kila aina uliyonayo: MP4, AVI, MKV, na MP3 kama ni muziki. Tulipofika kwenye AVI koni ikatokea, bibi harusi akashuka garini, na mgeni mmoja wa Kasulu akaomba turudishe nyuma kwa sababu alikuwa anajitafuta kwenye umati.